Programu huria haina bei, lakini ina masharti

Serikali, hospitali na kampuni za Afrika Mashariki zinajenga mifumo yao ya kompyuta juu ya programu zinazopatikana bila malipo. Hukumu iliyotolewa nchini Ufaransa mwaka 2024 inaonesha kwamba leseni za programu hizo zina nguvu ya sheria, na kwamba wakati wa kuzizingatia ni siku ya kwanza ya ujenzi, si siku ya makabidhiano.

Kila mwezi, taarifa za chanjo, uzazi, malaria na magonjwa mengine hutoka katika zahanati na vituo vya afya vya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Kila nchi ina takwimu zake na inazisimamia yenyewe, lakini programu ni ileile. Inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na wizara yoyote ya afya inaweza kuichukua, kuitumia na kuibadilisha bila kulipa ada ya leseni.

Hali ni hiyo hiyo kwa OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004, ambao mji wa Eldoret, magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa mahali ulikoanza kutumika. KenyaEMR na UgandaEMR, zinazotumiwa katika vituo vingi vya afya vya nchi hizo mbili, zimejengwa juu yake. Na chini ya mifumo hiyo yote kuna programu nyingine ambazo mtumiaji hazioni: Linux inayoendesha kompyuta kuu, hifadhidata zinazotunza kumbukumbu, na Android iliyomo katika simu za wahudumu wa afya ya jamii, ambayo nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux.

Programu za namna hii huitwa programu huria kwa sababu maandishi yake ya asili, yaani msimbo chanzo, yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyanakili na kuyabadilisha. Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, neno huria huelezwa kwa neno bure, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Kwa Kiswahili, kitu cha bure ni kisichotozwa bei, lakini pia huweza kuwa kitu kisicho na mwenyewe, ambacho kila mpita njia anaweza kukiokota. Programu huria ni bure kwa maana ya kwanza tu. Mwenyewe yupo, na ametaja masharti yake.

Ruhusa, si zawadi

Msingi wa masharti hayo ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ile ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Uganda ya mwaka 2006 zote zinaitambua programu ya kompyuta kuwa kazi inayolindwa, kama kitabu au makala. Maana yake ni kwamba mtu asiyekuwa mwandishi hana haki ya kunakili na kusambaza programu mpaka apewe ruhusa. Leseni ndiyo ruhusa yenyewe. Anayeivunja hurudi pale alipokuwa kabla ya kupewa: mtu anayetumia kazi ya mwenzake bila idhini.

Jambo hili lina matokeo ambayo wasanidi programu wengi, hasa vijana wanaoanza kazi, hawayatarajii. Kipande cha msimbo kilichokutwa mtandaoni bila leseni yoyote si mali ya umma. Kinyume chake, ndicho chenye ulinzi mkali zaidi, kwa kuwa hakuna ruhusa iliyotolewa juu yake.

Leseni zenyewe hutofautiana kwa uzito, na mifumo ya afya ya kanda hii inatosha kuonesha tofauti hiyo. DHIS2 hutolewa kwa leseni ya BSD, ambayo ni nyepesi. Anayeisambaza anatakiwa kubakiza jina la mwenye hakimiliki na maneno ya leseni, na asilitumie jina hilo kuitangaza bidhaa yake bila kibali. OpenMRS hutumia leseni ya Mozilla, toleo la 2.0. Hiyo huruhusu kampuni kuongeza sehemu zake na kuziwekea masharti inayoyataka, lakini mafaili ya awali yaliyobadilishwa na kusambazwa lazima yabaki chini ya leseni ileile na msimbo wake upatikane.

Kiini cha Linux kiko chini ya GPL, toleo la 2, leseni iliyoandikwa mwaka 1991. Hapa sharti ni zito zaidi: anayempa mtu mwingine nakala ya programu iliyojengwa juu ya kazi yenye GPL anapaswa kumpa pia msimbo chanzo wa kazi nzima, na haki zilezile alizopewa yeye. OpenLMIS, mfumo wa kufuatilia ugavi wa dawa ambao umetumika katika nchi kadhaa za Afrika, uko chini ya AGPL, inayokwenda hatua moja mbele. Mtu akiubadilisha mfumo huo na kuwaruhusu wengine kuutumia kupitia mtandao, watumiaji hao wana haki ya kupata msimbo uliobadilishwa, hata kama hawakupewa nakala yoyote ya programu.

Hakuna hata moja kati ya leseni hizo inayokataza biashara. Kampuni inaweza kutoza fedha kwa kufunga mfumo, kufundisha watumishi, kurekebisha hitilafu na hata kuuza nakala. Kinachotakiwa ni kujua ni leseni ipi iko mahali gani.

Kesi iliyoanzia katika zabuni

Kisa kinachotajwa sana barani Ulaya katika suala hili kilizaliwa na zabuni ya serikali. Mwaka 2005, Ufaransa ilitafuta mkandarasi wa kujenga tovuti ambayo wananchi wangepatia huduma za umma. Kampuni ya simu ambayo leo inaitwa Orange ilipata kazi hiyo. Ndani ya sehemu ya mfumo iliyoshughulikia utambulisho wa watumiaji kulikuwa na Lasso, maktaba ya programu iliyotengenezwa na Entr'ouvert, kampuni ndogo inayoendeshwa kwa ushirika.

Entr'ouvert ilikuwa ikiitoa Lasso kwa njia mbili. Aliyekubali masharti ya GPL aliichukua bila malipo. Asiyetaka kuufungua msimbo wake aliweza kununua leseni ya kibiashara. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani ikidai kuwa Orange haikufuata njia yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa miaka mingi shauri hilo halikufika kwenye kiini chake. Mahakama ya mwanzo mwaka 2019, na Mahakama ya Rufaa ya Paris mwaka 2021, zilisema kuwa mgogoro ulihusu mkataba, na kwamba mlalamikaji hakuweza kuuleta kama ukiukaji wa hakimiliki. Oktoba 2022, mahakama ya juu ya Ufaransa ilitengua msimamo huo. Februari 14, 2024, Mahakama ya Rufaa ya Paris iliamua kwamba Orange ilikiuka hakimiliki ya Entr'ouvert, na kuiamuru ilipe fedha zikiwemo euro 500,000 za kufidia mapato yaliyopotea na euro 150,000 kwa madhara ya heshima.

Hukumu hiyo haikuwa ya kwanza ya aina yake. Mahakama ya mjini Munich, Ujerumani, ilikubali nguvu ya GPL mwaka 2004, na mahakama ya rufaa nchini Marekani ilitamka mwaka 2008, katika kesi iliyohusu programu za kuendeshea treni za mfano, kwamba kuvunja masharti ya leseni huria kunaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki. Uzito wa kesi ya Paris uko katika ukubwa wa fidia na katika mazingira yake: mradi wa serikali, mkandarasi mkubwa, na kipande kidogo cha programu kilichoingizwa mwanzoni mwa kazi na kugharimu zaidi ya muongo mmoja wa mahakama.

Kosa huanza wapi

Si lazima kuwepo nia mbaya ili leseni ivunjwe. Chukua mfano wa kampuni ndogo yenye wasanidi watano, iliyopata kazi ya kutengeneza mfumo wa malipo wa hospitali ya umma. Hakuna anayeandika mfumo kama huo kuanzia sifuri. Wasanidi huchagua maktaba kumi au ishirini zilizo tayari: moja ya kuchora chati, nyingine ya kutengeneza stakabadhi, nyingine ya kutuma ujumbe mfupi. Kila moja huja na nyingine inazozitegemea, na hizo nazo huja na zake. Kazi inapokamilika, mfumo huwa na mamia ya vipande vilivyoandikwa na watu wasiojuana.

Tuseme mojawapo, ile ya stakabadhi, iko chini ya GPL. Wakati huohuo mkataba wa zabuni unasema mkandarasi atakabidhi mfumo ambao haki zake zote, bila kushirikiana na mtu, ni za hospitali. Ahadi hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Mkandarasi hana uwezo wa kuhamisha haki ambazo hakupewa, na akikabidhi mfumo bila msimbo chanzo, amevunja leseni. Akiukabidhi kwa masharti ya GPL, amekwenda kinyume cha mkataba aliousaini.

Njia za kutokea zipo, nazo ni tatu: kuiondoa maktaba hiyo na kuweka nyingine, kumwomba mwenye hakimiliki leseni tofauti, au kukubaliana na mteja kwamba mfumo utolewe kwa masharti ya GPL. Katika wiki ya kwanza, kubadilisha maktaba ni kazi ya mchana mmoja. Katika wiki ya mwisho, sehemu nyingine za mfumo zimekwisha kuitegemea, majaribio yamefanyika, tarehe ya makabidhiano imetangazwa na malipo ya mwisho yanasubiri. Leseni ni ileile na maktaba ni ileile. Kilichopanda ni gharama ya kurekebisha.

Kuna pia migongano isiyoonekana kwa macho ya kawaida. Leseni ya Apache 2.0 na GPL toleo la 2 zote ni huria, lakini kwa mujibu wa taasisi iliyoandika GPL, masharti yake hayaoani, Apache 2.0 inaoana na GPL toleo la 3. Leseni nazo hubadilika. Agosti 2023, kampuni ya HashiCorp ya Marekani iliitoa programu yake ya Terraform katika leseni huria na kuiwekea masharti yanayowazuia washindani. Machi 2024, hifadhidata ya Redis ilifuata njia kama hiyo, kisha mwaka 2025 ikaongeza tena chaguo la leseni huria. Toleo la zamani hubaki na leseni yake ya zamani, kwa hiyo kujua jina la programu pekee hakutoshi. Lazima ijulikane ni toleo lipi.

Daftari la mradi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ujenzi wa programu, daftari hilo ni orodha ya vipande vyote vilivyomo: jina, toleo, kilikotoka, mwenye hakimiliki na leseni yake. Kuna muundo wa kimataifa wa kuiandika orodha hiyo, SPDX, uliopitishwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2021, na kiwango kingine cha ISO, OpenChain, kinachoeleza jinsi taasisi inavyopaswa kujipanga ili kutimiza masharti ya leseni. Zana za kukagua msimbo na kutambua leseni, kama FOSSology na ScanCode, ni programu huria zenyewe. Kampuni changa haihitaji bajeti kubwa ili kuanza.

Kinachohitajika zaidi ni utaratibu. Timu inakubaliana mapema leseni zipi zinapokelewa bila mjadala, zipi zinahitaji idhini ya kiongozi wa mradi, na zipi hazifai kwa kazi iliyopo. Zana za ukaguzi zinaunganishwa na mfumo wa kupokea msimbo, ili kila kipande kipya kichunguzwe siku kinapoingia. Majina ya waandishi na maneno ya leseni hayafutwi. Na mfumo unapokabidhiwa, orodha, leseni na msimbo unaotakiwa huenda pamoja nao. Anayechagua kutoa ahadi ya maandishi ya kutoa msimbo wa GPL toleo la 2 badala ya kuukabidhi papo hapo, ahadi hiyo inapaswa kudumu kwa angalau miaka mitatu, jambo lisilowezekana kama hakuna aliyehifadhi msimbo huo.

Wako wanaosema kwamba utaratibu huu ni mzigo kwa kampuni ndogo, na kwamba mwandishi aliyeko Ulaya au Marekani hawezi kufunga safari kuja kumshitaki msanidi wa Kampala au Mwanza. Sehemu ya hoja hiyo ina ukweli: wenye hakimiliki wengi huanza kwa kuandika barua wakitaka marekebisho, na GPL toleo la 3 humpa aliyekosea kwa mara ya kwanza siku 30 za kusahihisha kosa baada ya kupewa taarifa, na haki zake zikarejea.

Lakini hatari kubwa kwa kampuni ndogo haitoki mahakamani. Hutoka kwa mnunuzi. Mwekezaji anayetaka kununua hisa, au kampuni kubwa inayotaka kuingia ubia, hukagua kwanza kilichomo ndani ya programu. Anayeshindwa kueleza kazi yake imeundwa na nini hana cha kuuza.

Ulaya inataka orodha

Shinikizo jipya linatoka Brussels. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali ilianza kuwa na nguvu Desemba 10, 2024, na wajibu wake mkuu utaanza kutekelezwa Desemba 11, 2027. Miongoni mwa mambo inayoyataka ni kwamba mtengenezaji wa bidhaa yenye programu, inayouzwa katika soko la Ulaya, awe na orodha ya vipande vilivyomo. Haijalishi bidhaa imetengenezwa Berlin, Kigali au Nairobi.

Lengo la sheria hiyo ni usalama, si leseni, lakini daftari ni moja. Desemba 2021, ufa mkubwa ulitangazwa hadharani katika Log4j, maktaba huria iliyokuwa imejificha ndani ya mifumo isiyohesabika duniani. Taasisi zilizokuwa na orodha zilijua mapema ni mifumo ipi ya kuziba. Zisizokuwa nayo zililazimika kutafuta gizani wakati wavamizi wakitafuta pia.

Haki ya mwananchi

Mjadala huu kwa kawaida huonwa kutoka upande wa anayeogopa kushitakiwa. Kwa taasisi za umma, upande wa pili una uzito zaidi: leseni huria inampa haki yule anayepokea programu.

Mfano unaofahamika ni wa ruta za intaneti za Linksys, kampuni iliyonunuliwa na Cisco mwaka 2003. Wataalamu waligundua kuwa ruta ya aina ya WRT54G ilikuwa na Linux ndani yake, wakadai msimbo kama GPL inavyotaka, na ukatolewa. Kutokana na msimbo huo ulizaliwa mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo huwawezesha watu duniani kuendelea kutumia na kulinda ruta ambazo watengenezaji wake wameacha kuzihudumia.

Wizara au halmashauri inayonunua mfumo iko katika nafasi kama hiyo, ilimradi iidai haki yake kabla ya kusaini. Mkataba unaweza kumtaka mkandarasi akabidhi orodha kamili ya vipande na leseni zake, msimbo chanzo, na maelekezo ya kuujenga mfumo upya, na malipo ya mwisho yakasubiri uthibitisho kwamba fundi mwingine ameweza kuujenga kwa kufuata maelekezo hayo. Masharti hayo hayaongezi mengi kwa mkandarasi aliyetunza daftari lake. Kwa asiyelitunza, yanafichua tatizo wakati bado kuna muda wa kulitatua.

Mikataba ya mifumo ya umma huwa na mwisho. Mfadhili huondoka, kampuni hufungwa, fundi aliyejua kila kitu hupata kazi kwingine. Siku hiyo, kituo cha afya chenye msimbo na haki ya kuubadilisha kitatafuta fundi mwingine na kuendelea na kazi. Kisicho navyo kitarudi kwenye daftari la karatasi, na kumbukumbu za wagonjwa zitabaki ndani ya mashine ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuifungua.